Archer T3U Plus kwa kompyuta ya mezani: adapta nzuri, ila usiichomeke nyuma ya CPU

Ukinunua kompyuta ya mezani iliyotumika hapa Dar es Salaam, hizi Dell OptiPlex na HP ProDesk ambazo ofisi za Ulaya zimezichoka, mara nyingi utapata kila kitu isipokuwa Wi-Fi. Zilitengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye waya wa LAN ukutani. Nyumbani kwako waya huo haupo, kuna ruta sebuleni nyuma ya runinga. Basi muuzaji anakutupia kiadapta cha USB chenye ukubwa wa ukucha, "hiki nakupa bure dada", na matatizo yako ya miezi ijayo yanaingia kwenye mfuko mmoja na risiti.

Mimi ni mhasibu, nafanyia kazi nyumbani, Tabata. Wateja wangu ni wadogo wadogo: famasi, duka la vipuri vya pikipiki, saluni, watu wa namna hiyo. Ritani za VAT mwisho wake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na PAYE, kodi ya mishahara, ni tarehe 7, kwa hiyo kuna siku ambazo Wi-Fi yangu haina ruhusa ya kuumwa. TP-Link Archer T3U Plus nimeinunua kwa hela yangu, hakuna aliyenitumia niisifie. Nitaisifia kidogo hata hivyo. Lakini kwanza lazima niseme kilichokuwa kinaisumbua kompyuta, maana ukiinunua halafu ukaichomeka palepale ulipochomeka ile ya zamani, unaweza kuendelea na ugonjwa uleule kwa bei kubwa zaidi.

Dalili zilikuwa hivi. Alama ya Wi-Fi kwenye kona ya chini kulia imejaa, mistari yote ipo, lakini ukurasa unazunguka tu. Unabonyeza "wasilisha", kimya. Unajaza upya, unafika katikati, kimya tena. Na wakati huohuo simu iliyolala pembeni ya kibodi, kwenye Wi-Fi ileile, inacheza video bila kukwama.

Hiyo simu ndiyo ya kuanza nayo. Ikiwa simu iko palepale mezani na inapeta, na kompyuta ndiyo inayokwama, usipoteze salio kuwapigia kampuni ya intaneti. Wa huduma kwa wateja atakwambia uzime ruta, usubiri kidogo, uwashe. Utafanya hivyo na kweli itatengemaa, kwa sababu kompyuta imelazimika kujiunga upya, na utabaki unaamini kuna kitu kimerekebishwa huko kwao. Baada ya chakula cha mchana mko palepale.

Kipimo ninachokiamini ni madirisha mawili meusi ya cmd, ile programu ya Windows ya kuandika amri, moja kushoto na jingine kulia. Kwenye la kushoto andika ping -t halafu anwani ya ruta yako. Nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na kama huijui andika ipconfig uangalie mstari ulioandikwa "Default Gateway". La kulia andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni ya Google. Yaache yaende wakati unafanya kazi zako. La kushoto linakuonyesha safari ya kutoka kompyuta hadi ruta, yaani ndani ya nyumba tu. La kulia linatoka nje hadi mtandaoni. Kama la kushoto limetulia kwenye milisekunde (ms) 1 au 2 na la kulia ndilo linalorukaruka, shida iko nje, hapo sasa una haki ya kuwapigia na kuwa mkali. Kama la kushoto lenyewe linasoma 3ms, 5ms, kisha 840ms, kisha "Request timed out", shida iko kati ya kompyuta yako na ruta, na hata ukipandisha kifurushi kutoka Mbps 20 hadi 100 hutapona.

La kwangu lilikuwa hilo la pili. Na ningeendelea kuhangaika kama si diski ya nje.

Kila mwisho wa wiki nakopi mafaili ya wateja kwenye diski ya nje. Diski ni ya USB 3.0, naichomeka nyuma ya CPU, na kile kiadapta cha bure kilikuwa kwenye tundu la jirani yake, vinakaribia kugusana. Siku moja nimeanza kukopi huku yale madirisha mawili yakiwa bado wazi. Mauzi yangu, yaani kipanya, ambayo haina waya, ikaanza kuteleza; unaisogeza kulia, inakaa, halafu inaruka ghafla. Nikadhani betri. Macho yakaenda kwenye dirisha la kushoto: 2ms, 2ms, 611ms, timed out, timed out, 1204ms. Nikasitisha kukopi. 2ms. 2ms. 3ms. Mauzi imetulia. Nikaendelea kukopi: timed out. Nikachomoa diski kabisa, ping zikalala. Nikairudisha, ghasia. Nilikaa pale nikichezea ule waya wa diski kama mtoto na swichi ya taa, na nilifurahi kuliko inavyostahili mtu ambaye kazi yake imesimama.

Jambo hili halikugunduliwa Tabata. Intel wenyewe walitoa waraka mwaka 2012 wakieleza kwamba USB 3.0 inatoa kelele ya mawimbi ambayo sehemu yake inaangukia kwenye 2.4 hadi 2.5 GHz. USB 3.0 inasukuma data kwa gigabiti 5 kwa sekunde, na kelele hiyo inavuja kwenye tundu, kwenye waya na kwenye kifaa chenyewe. Sasa, 2.4 GHz ndiko inakoishi Wi-Fi ya kawaida, na ndiko ziliko mauzi na kibodi nyingi zisizo na waya. Kiadapta cha ukucha kina antena ndogo sana ndani yake, na iko milimita chache tu kutoka kwenye tundu linalopiga kelele. Ruta inaongea kutoka sebuleni, kuta mbili mbali. Kelele iko sikioni. Mistari ya Wi-Fi inabaki imejaa kwa sababu mistari inapima nguvu ya sauti ya ruta, haipimi kama kuna anayeisikia.

Kwa hiyo kabla ya kwenda Kariakoo, fanya yasiyo na gharama. Hamisha kiadapta kwenye tundu la USB 2.0, mbele kama lipo. Matundu ya 3.0 mara nyingi yana rangi ya bluu ndani au alama ya SS. Yasiyo na hivyo kwa kawaida ndiyo 2.0. Usiogope kwamba 2.0 ni ya zamani. Inabeba megabiti 480 kwa sekunde kwenye karatasi, na hata ukiikata nusu bado inaitosha intaneti ya nyumba nyingi. Kwangu kuhamisha tu kulipunguza balaa kwa kiasi cha kuonekana. Halikwisha.

Lililobaki lilikuwa na sura mbili, na ni vizuri kuzitofautisha. Sura ya kwanza: unaondoka kunywa chai, ukirudi Wi-Fi imekufa, unaizima na kuiwasha inarudi. Hiyo si kelele, ni Windows inabana matumizi ya umeme kwa kukilaza kiadapta, na kiadapta kinashindwa kuamka. Nenda "Device Manager", fungua "Network adapters", bonyeza mara mbili jina la adapta, kwenye "Power Management" toa tiki ya kuruhusu kompyuta kuzima kifaa ili kuokoa umeme. Kama sehemu hiyo haipo, na kwa baadhi haipo, ingia kwenye "Power Options" uzime "USB selective suspend". Kompyuta ya mezani haina betri ya kuokoa, sijui huo ubahili ni wa nini.

Sura ya pili inakuja jioni. Watu wamerudi kazini, nyumba nzima ya wapangaji ina ruta kila mlango, na zote zinagombania 2.4 GHz. Pakua programu yoyote ya kuchora Wi-Fi kwenye simu uone. Jirani zangu karibu wote walikuwa wamerundikana chaneli ya 6. Kwenye masafa haya chaneli zisizokanyagana ni tatu tu, 1, 6 na 11, basi chagua iliyo tupu zaidi kati ya hizo na upana uweke 20 MHz, si 40. Usijifanye mjanja wa kuchagua 13 kwa sababu umeona haina mtu. Adapta nyingine zimepangwa kwa soko la Marekani, ambako mwisho kwa kawaida ni 11, na hazitaiona ruta yako kabisa. Utaona Wi-Fi za majirani wote isipokuwa ya kwako.

Na ruta yenyewe iko wapi? Fundi aliyekuja kufunga faiba aliiweka pale waya ulipoingilia, chini, nyuma ya runinga, katikati ya king'amuzi na spika. Runinga ni bapa la chuma na mawimbi hayalipendi. Niliipandisha juu ya kabati la vyombo, waya ukafika bila taabu, na hilo peke yake lilinipa nafuu ambayo hakuna duka linaiuza. Ningekuwa natoa nyota kwa kabati, ningetoa tano.

Baada ya hapo ndipo nikaenda kununua, kwa sababu nilitaka kutoka 2.4 GHz kabisa, na kiadapta cha bure hakijui 5 GHz, yale masafa mengine ya Wi-Fi. Maduka yako mengi upande wa Aggrey na Likoma, humo humo kwenye simu na chaja.

"Karibu dada, unatafuta nini?"

"Adapta ya Wi-Fi ya kompyuta, yenye bendi mbili."

"Hii hapa, ndogo, nzuri, elfu kumi na tano."

"Hiyo ninayo kaka. Nataka yenye antena na 5 GHz."

Akaniangalia kidogo, akaenda nyuma, akarudi na boksi la Archer T3U Plus. Tulianzia themanini, tukamaliza sitini na tano. Duka la pili walikuwa na kadi ya kufunga ndani ya CPU, ya PCIe. Hizo ni nzuri na hazigusi matundu ya USB kwa data ya Wi-Fi, lakini CPU yangu ni ile nyembamba ya kulaza, inahitaji kadi yenye kile kibati kifupi, na dukani hakikuwemo. Pia kadi nyingi antena zake zinakaa nyuma ya kasha, zimebanwa kati ya chuma na ukuta. Ukiipata yenye antena za waya za kuweka juu ya meza, na una CPU kubwa, ichukue hiyo wala usiendelee kunisoma.

Kwenye boksi imeandikwa AC1300. Hiyo namba ni hesabu ya kujumlisha, Mbps 867 za 5 GHz na 400 za 2.4 GHz kisha zimekuzwa kidogo, na kompyuta haitumii bendi zote mbili kwa pamoja, kwa hiyo 1300 hutaiona maishani. Haidhuru. Mimi nalipia 20.

Kuifunga kuna mtego mdogo wa kuku na yai: kompyuta ikihitaji draiva, yaani programu ya kuiendesha adapta, draiva iko mtandaoni, na mtandao ndio hauna. Usihangaike na fleshi. Chomeka simu kwa waya wa USB, washa "USB tethering" kwenye mipangilio ya simu, na kompyuta itaona intaneti kama imechomekwa LAN. Simu ikiwa kwenye Wi-Fi, haili hata bando. Pakua draiva kwenye tovuti ya TP-Link, na angalia toleo lililoandikwa kwenye stika ya adapta kabla hujachagua faili. Ujanja huu wa waya wa simu uuweke kichwani, ndio pia utakaokuokoa siku ya mwisho ya ritani kama kila kitu kimegoma.

Kwanza niliichomeka nyuma ya CPU, makusudi, nione. Amri ya netsh wlan show interfaces inakuonyesha umeshika chaneli gani na nguvu ya mawimbi kwa asilimia. Pale nyuma, CPU ikiwa chini ya meza ya chuma na mgongo umeangalia ukuta, ilisoma arobaini na kidogo kwenye 5 GHz. Inafanya kazi, ila ukiufunga mlango wa chumba inashuka. Kumbuka 5 GHz inachoka haraka ikipita ukutani kuliko 2.4, na kuta zetu ni za tofali za saruji zenye nguzo za nondo, si mbao kama za kwenye video za Wamarekani.

Kisha nikaiunganisha na ekstensheni ya USB ya mita moja, ya shilingi elfu tano, ile ya 2.0 ya kawaida. Nikaitoa chini ya meza, nikaifunga kwa vibanio vya plastiki kwenye fimbo ya pazia, antena imesimama wima inaangalia mlango. Zaidi ya sabini. Dirisha la kushoto la ping likalala kwenye 2 na 3. Nikachomeka diski ya nje, nikakopi folda nzima ya famasi, nikakaa mikono kifuani nikisubiri. 2ms. 3ms. 2ms. Mauzi bado inateleza kidogo diski ikifanya kazi, kwa sababu yenyewe imebaki 2.4, lakini kipokezi chake nacho nimekihamishia mbele na imepungua.

Usinunue ekstensheni ndefu mno. Ya mita tano ya bei chee niliyoazima kwa jirani ilifanya adapta ionekane na kupotea kwenye kompyuta, ule mlio wa Windows wa kuchomeka na kuchomoa unapiga muda wote kama kengele ya baiskeli. Mita moja au moja na nusu inatosha kutoka mvunguni.

Jambo jingine ni kuhakikisha kweli uko 5 GHz. Ruta nyingi za sasa zinaficha bendi mbili chini ya jina moja, na kompyuta inajichagulia, mara nyingi inang'ang'ania 2.4 kwa kuwa inaisikia kwa nguvu zaidi. Ama ingia kwenye ruta uzitenganishe majina, ama kwenye sifa za adapta, sehemu ya "Advanced", tafuta palipoandikwa "Preferred Band" uchague 5 GHz. Mimi nimetenganisha. Simu za wageni zinakwenda 2.4, mimi niko peke yangu huku juu. Na chaneli ya 5 GHz nimeibana kati ya 36 na 48. Zile za 52 hadi 144 ruta inatakiwa kuzihama ikisikia rada, na mimi naishi karibu na njia ya ndege za Uwanja wa Julius Nyerere, sitaki kubahatisha.

Sasa, mapungufu. Haina Bluetooth, kwa hiyo kama ulitaka pia kuunganisha spika au vipokea sauti, utanunua kifaa kingine, na tundu jingine litaondoka. Ni Wi-Fi ya kizazi cha 5, si cha 6. Antena yake ni ndefu na inatingishika. Ukiichomeka mbele ya CPU, goti la mtu au mtoto anayepita litaipata tu. Ikifanya kazi muda mrefu inapata joto, si la kutisha. Na kama ruta yako ni hizi za laini zenye 2.4 GHz peke yake, nusu ya hela yako inakwenda bure. Hapo jaribu kwanza ekstensheni ya elfu tano na kiadapta ulicho nacho, huenda ikatosha.

Nani asiinunue kabisa? Yule ambaye hata simu inakwama palepale mezani. Huyo hana tatizo la kompyuta, ruta haimfikii, adapta ya aina yoyote itamsaidia kidogo sana. Pia yule ambaye Wi-Fi inakatika umeme unaposhuka na kupanda. Ruta inajizima na kuwaka bila wewe kujua. Ingia kwenye ukurasa wake uangalie imewaka kwa muda gani, na kama inasema dakika kumi wakati hujaigusa tangu jana, nunua kile kibetri kidogo cha ruta cha volti 12 na uachane na kompyuta.

Na yule anayeruhusiwa kutoboa ukuta, avute waya. Hilo nalisema wazi ingawa natathmini adapta. Niliazima waya mrefu nikaulaza kwenye korido kutoka ruta hadi kwenye CPU kwa jioni moja, na ping ya kushoto ilikuwa chini ya 1 muda wote, haikutikisika hata mara moja. Archer ni nzuri, lakini waya ni waya. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umeme tena?"

"Hapana mama, ni waya wa intaneti. Nataka kuupitisha hapa juu ya mlango uingie chumba cha nyuma."

"Utatoboa?"

"Tundu moja tu, dogo, fundi ataliziba na saruji."

"Mwanangu, ukuta huu nimeupaka rangi juzi juzi tu."

Sikuendelea. Ukipata wako wa kukubali, omba waya wa Cat6 wa shaba tupu. Sokoni kumejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, ni mwepesi na bei yake ni ya kuvutia. Kwangua kidogo uzi mmoja kwa wembe: ukiona ndani ni mweupe kama fedha, rudisha. Na kama una mwenye nyumba kama wangu, kuna waya bapa unaopita chini ya mlango na kulala pembeni ya sakafu. Ninao wa mita kumi na tano, nimeuviringisha kwenye droo. Tarehe 19 na 20 nautandaza koridoni, nikimaliza ritani naukunja. Siku nyingine zote ni Archer kwenye fimbo ya pazia, na sijaona sababu ya kuishusha.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa Bluetooth na kwa sababu tano nimeshampa kabati. Dukani waliniambia ipo ya Wi-Fi 6, Archer TX20U Plus, bei ikiwa juu zaidi. Niliiacha kwa kuwa ruta yangu ni Wi-Fi 5 na ingekuwa kununua kiatu cha mguu ambao sina. Ukienda, fungulia boksi palepale kaunta, waombe wachomeke kwenye kompyuta yao uone taa inawaka na jina linatokea kwenye orodha, na mwambie aandike namba ya adapta kwenye risiti. Duka nililonunua linatoa garantii ya mwezi mmoja, na bila hiyo namba kwenye risiti hawaipokei.